Giaboksi ya Kiwandani, ya Kuimarishwa au Manyuo: Ipi Itabeba Nguvu Unazotaka Kuongeza?

"Fundi, hii otomatiki itabeba farasi wangapi?" Swali hili halikauki kwenye gereji za Mwanza, kuanzia Igoma hadi Nyegezi. Analiuliza kijana anayetaka kuipachika injini ya tabo ya 1JZ-GTE kwenye Toyota Mark II yake. Analiuliza mwenye Forester ya tabo anayetaka kompyuta ya injini ipangwe upya. Analiuliza pia mwenye Land Cruiser anayevuta tela la boti, ingawa yeye kwa kawaida huliuliza wakati giaboksi imeshaanza kuteleza. Jibu analopewa mara nyingi ni namba moja, kavu: mia tatu, mia nne. Namba hiyo ikiwa peke yake haina msaada, na watu wameunguza giaboksi nzima kwa kuiamini.

Hapa nalinganisha njia tatu ambazo mtu wa huku kwetu anaweza kuzifuata kweli: kubaki na otomatiki ya kiwandani kama ilivyo, kuifungua na kuiimarisha, au kuiacha kabisa na kufunga manyuo, yaani giaboksi ya kubadilisha gia kwa mkono. Kila moja ina mtu wake. Lakini kabla ya kulinganisha, tukubaliane kwanza tunapima nini.

Toki kwanza, farasi baadaye

Farasi ni hesabu ya vitu viwili vikizidishwa: toki, yaani nguvu ya injini kusokota shafti, na idadi ya mizunguko ya injini kwa dakika. Pleti za klachi zilizo ndani ya giaboksi haziwajui farasi. Kinachotaka kuzitelezesha ni toki. Chukua injini inayotoa toki ya Nm 300 (Nm ni nyutoni-mita, kipimo cha toki). Ikiitoa kwenye mizunguko 2,500, hao ni farasi 107 hivi. Ikiitoa toki hiyohiyo kwenye mizunguko 6,000, ni farasi 256. Farasi wameongezeka zaidi ya mara mbili, na pleti bado zimeshika mzigo uleule.

Mfano tunapishana nao barabarani kila siku. Land Cruiser yenye dizeli ya 1HZ ina farasi 130 hivi na toki ya Nm 285. Mark X ya lita 2.5, yenye injini ya 4GR-FSE, ina farasi 215 na toki ya Nm 260. Anayehesabu farasi atasema Mark X ndiyo inayoitesa giaboksi. Ukiziuliza pleti, mzigo mkubwa unatoka kwa Land Cruiser, na bado hujaweka uzito wa gari lenyewe wala tela.

Kuna kitu kingine kati ya injini na giaboksi: toki konveta. Gari linapoanza kuondoka, konveta huizidisha toki ya injini, mara nyingi karibu mara mbili, kisha zidio hilo linapungua kadiri gari linavyochanganya. Ndiyo maana giaboksi huumia sana wakati wa kuondoka na wakati wa kupanda mlima kwa mwendo mdogo, kuliko wakati wa kukimbia kwenye lami iliyonyooka.

Kiwango cha kubeba utakijuaje? Watengenezaji wengine wanakiandika kwenye jina. ZF ya Ujerumani, inayotengeneza giaboksi za BMW na wengine, iliita giaboksi zake 8HP45 na 8HP70, na namba ya mwisho inaashiria toki: Nm 450 na Nm 700. Toyota haikuurahisishia mteja hivyo. Kwa Toyota, njia ya kuaminika ni kuangalia injini yenye toki kubwa kuliko zote ambayo kiwanda chenyewe kiliifungia familia ile ya giaboksi. Familia ya A340, gia nne, iliyomo kwenye magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1990 yanayosukumwa na matairi ya nyuma, ilifungwa hata nyuma ya injini ya tabo ya 2JZ-GTE kwenye Supra ya otomatiki: farasi 280 kwa soko la Japani, toki ya Nm 430 hivi. Kwa hiyo tunajua Toyota iliiamini familia hiyo hadi hapo.

Lakini ni familia, si giaboksi moja. Gamba la nje linaweza kufanana, ndani idadi ya pleti, ukubwa wa gia ndogo za sayari na aina ya konveta vikatofautiana kulingana na injini iliyokusudiwa. Giaboksi iliyotoka kwenye gari la lita mbili lisilo na tabo usiipe sifa za ile ya Supra. Fungua boneti, tafuta kibati cha utambulisho cha Toyota, soma mstari wa TRANS/AXLE. Namba iliyopigwa pale ndiyo ya kumpelekea fundi na muuza spea.

Vigezo vinne nilivyotumia

Cha kwanza ni mzigo: toki kiasi gani njia hiyo inabeba bila kuteleza wala kuvunjika. Cha pili ni joto, kwa sababu otomatiki nyingi hufa kwa joto kabla hazijafa kwa kuvunjika. Cha tatu ni fundi na spea, hapa Mwanza, si kwenye video ya mtu aliyeko Marekani. Cha nne ni maisha ya kila siku: foleni, milima ya mjini, abiria, na siku utakapotaka kuuza gari.

Kwenye mzigo, ongeza jambo moja la kijiografia. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza takribani asilimia 10 ya nguvu zake, pengine zaidi kidogo. Mark X yako haitoi farasi 215 ukiwa Makongoro. Injini ya tabo haipungukiwi sana hivyo kwa sababu inajisukumia hewa yenyewe. Maana yake ni kwamba giaboksi iliyo ukingoni inaweza kushika vizuri Mwanza, kisha ikaanza kuteleza ukishuka nayo Dar es Salaam, ambako injini inapata hewa nzito na toki inarudi. Anayepima giaboksi yake huku na kusafiri kwenda pwani aache nafasi.

Njia ya kwanza: kubaki na otomatiki ya kiwandani

Mzigo. Kiwanda hakifungi giaboksi inayobeba kile tu injini inachotoa. Kinaacha akiba, kwa sababu gari lazima lidumu miaka mingi kwa mtu asiyejua hata kubadilisha mafuta. Akiba hiyo ndiyo watu wanaichezea wanapoongeza nguvu. Tatizo letu ni kwamba gari letu limekuja na miaka yake na kilomita zake kutoka Japani. Sehemu ya akiba imeshaliwa. Giaboksi yenye pleti nzima na mafuta safi inaweza kubeba nyongeza ndogo ya toki, ile inayokuja na filta nzuri, egzosi pana kidogo na kompyuta ya injini iliyopangwa kwa kiasi. Kuiongezea theluthi moja na zaidi juu ya kile kiwanda kilichowahi kukiruhusu kwenye familia ile, hapo unacheza bahati nasibu.

Kuna sababu ya kiufundi ambayo wengi hawaambiwi. Pleti zinabanwa na shinikizo la mafuta, na shinikizo hilo linaamuliwa na kompyuta kupitia solenoidi, yaani valvu ndogo za umeme, kwa kukadiria injini inatoa toki kiasi gani. Tena, kwenye magari mengi kompyuta huipunguza nguvu ya injini kwa kitambo kidogo kila gia inapobadilika ili pleti zishikane bila kusugana sana. Fundi akiipanga upya injini na upande wa giaboksi usijulishwe, shinikizo linabaki la injini ya zamani wakati toki ni ya injini mpya. Pleti zinateleza. Dereva hasikii kitu wiki za mwanzo, labda gia ya tatu inachelewa kidogo kushika. Halafu siku moja mshale wa mizunguko unapanda na gari haliendi.

Joto. Mafuta ya giaboksi, ambayo wengi tunayaita haidroliki, yanafanya kazi vizuri yakiwa kati ya nyuzi 80 na 95 hivi. Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi ni kwamba kila yanapozidi hapo kwa nyuzi 10, maisha yake yanapungua kwa nusu. Giaboksi ya kiwandani hupoza mafuta yake kwenye kibomba kilichomo ndani ya tangi la rejeta ya injini. Hapa kwetu hiyo ni sehemu dhaifu. Rejeta zinajazwa maji ya bomba au ya kisima mwaka mzima badala ya kulanti, kutu inakula, kibomba kinatoboka, na maji yanaingia kwenye giaboksi. Ukichomoa dipstiki ukakuta mafuta yana rangi ya maziwa yaliyochanganywa na juisi ya rozela, usiwashe gari tena. Maji yanaiachanisha gundi ya pleti, na kubadilisha mafuta peke yake hakutaziokoa.

Kwa mtu wa njia hii, kitu cha kwanza kununua ni rejeta ndogo ya nje ya giaboksi, ifungwe mbele ipate upepo, kabla ya nyongeza yoyote ya nguvu. Gharama yake haifikii hata karibu ya giaboksi nyingine.

Fundi na spea. Hapa ndipo njia hii inaposhinda. Mafuta sahihi yanapatikana, filta zinapatikana, na ikifa kabisa unatafuta ya mtumba ya gari lilelile, inafungwa bila kuchonga kitu. Zingatia tu aina ya mafuta. Giaboksi inayotaka mafuta ya Toyota ya aina ya WS isijazwe ya T-IV kwa sababu dukani ndiyo iliyobaki. A960E ya gia sita iliyomo kwenye Mark X haina dipstiki ya kawaida. Kipimo chake ni kizibo cha chini kinachofunguliwa mafuta yakiwa kwenye joto maalumu, injini ikiunguruma. Fundi asiyejua hilo atakujazia pungufu, na mafuta pungufu yanaunguza pleti sawasawa na farasi waliozidi.

Maisha ya kila siku. Hakuna cha kuzoea. Foleni ya Buhongwa asubuhi unaipita ukiwa umetulia, mkeo au mdogo wako anaendesha bila somo, na mnunuzi hakuulizi maswali.

Inamfaa nani? Mwenye gari moja la kutegemea, ambaye nyongeza anayoitaka ni ndogo na ambaye giaboksi yake ina afya. Afya hiyo ipimwe kabla, si baada. Angalia mafuta: mekundu au ya kahawia hafifu, sawa, meusi yenye harufu ya kuungua, hapana. Mwambie fundi ashushe sampu, karai la mafuta lililo chini ya giaboksi, mbele ya macho yako na akuonyeshe sumaku zilizomo chini. Tope la kijivu, laini kama unga ukilisugua kati ya vidole, ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyometa au magamba meusi ya pleti vinakwambia kwamba giaboksi hii haina cha kuongezewa. Kipimo cha kukanyaga breki na mafuta pamoja gari likiwa kwenye D kinasema mengi, maana mizunguko ikivuka kiwango cha kitabu kuna kinachoteleza. Kisizidi sekunde 5, kwa sababu mafuta yanachemka upesi sana hapo, na asisimame mtu mbele ya gari.

Njia ya pili: kuiimarisha otomatiki uliyonayo

Mzigo. Uwezo wa klachi kubeba toki unategemea idadi ya pleti, msuguano wake, ukubwa wake na nguvu inayozibana. Kuimarisha ni kugusa hayo: pleti nyingi zaidi au zenye nyuzi bora, shinikizo la mafuta kupandishwa, valvu bodi (sehemu inayogawa mafuta kwenda kwenye klachi) kurekebishwa ili gia zishike haraka, na konveta yenye klachi imara zaidi. Ikifanywa vizuri, otomatiki ya familia nzuri inapanda juu sana kuliko ilivyotoka kiwandani. Magari ya mashindano ya kuondoka kwa kasi yanatumia otomatiki mengi, na si kwa bahati. Lakini pleti zikishaacha kuteleza, mzigo unahamia kwenye kitu kigumu kinachofuata: shafti, gia za sayari, klachi za njia moja, propela shafti, difu. Hapo mpaka si kuteleza tena, ni kukatika.

Joto linabaki adui, na rejeta ya nje si hiari tena, ni lazima. Fundi akikufungia konveta inayoachia injini ipande mizunguko mingi kabla ya kushika, tamu kwa gari la tabo, ujue kila foleni itakuwa inapasha mafuta.

Fundi na spea ndiyo sehemu ngumu ya njia hii, na hapa naomba usifanye haraka. Valvu bodi ina njia nyembamba na valvu zinazoteleza kwa nafasi ndogo mno. Chembe moja ya mchanga inaweza kuikwamisha moja. Giaboksi haifunguliwi juu ya gunia, nje, upepo wa ziwa ukirusha vumbi. Kabla hujamkabidhi mtu gari, ingia gerejini kwake. Je, ana meza safi na chumba kinachofungwa? Ana geji ya kupima shinikizo la giaboksi? Anapima nafasi kati ya pleti kwa kipimo, au kwa kidole? Fundi mzuri hataona vibaya ukimuuliza, na wapo mafundi wazuri Mwanza. Pleti bora na seti za spea za valvu bodi mara nyingi ni vya kuagiza, kwa hiyo gari linaweza kukaa juu ya mawe muda mrefu kuliko ulivyoahidiwa. Panga usafiri mwingine.

Na kompyuta isisahaulike. Giaboksi iliyoimarishwa ikiachiwa programu ya zamani haitatoa faida yote uliyoilipia.

Maisha ya kila siku: unabaki na starehe ya otomatiki, ila gia zinashtua kidogo zinapoingia. Shinikizo likipandishwa kupita kiasi, kila gia inakuwa teke, na abiria wa nyuma watakwambia. Mnunuzi wa baadaye atataka risiti na maelezo, kwa hiyo tunza vyote viwili.

Inamfaa aliyeongeza nguvu kwelikweli, anayependa otomatiki au anaendesha gari na familia, mwenye fundi anayemwamini na pesa za kuagiza spea mara moja badala ya kununua giaboksi za mtumba mara tatu. Inamfaa vilevile anayevuta mizigo, ambaye hatafuti kasi bali anataka pleti zishike mlimani.

Kwa kifupi tu: wapo wanaoifuata njia hii kwa kuhamisha giaboksi kubwa zaidi ya otomatiki kutoka gari jingine, hasa wanapopata injini na giaboksi vilivyokatwa pamoja kutoka Japani. Ukiipata seti kamili pamoja na waya na kompyuta yake, inaweza kuwa rahisi kuliko kufungua yako. Ukikosa waya, ni mateso.

Njia ya tatu: kuhamia manyuo

Mzigo. Imani iliyoenea ni kwamba manyuo hubeba chochote. Si kweli. Inategemea ni manyuo ipi. Kwa Toyota, R154 ya gia tano imejijengea heshima nyuma ya injini za tabo za 1JZ-GTE, wakati W58, inayofanana nayo machoni pa asiyejua, ni nyepesi zaidi na ilikusudiwa injini zisizo na tabo. Kwa Subaru tofauti ni kubwa zaidi: manyuo ya gia tano ya Impreza za tabo inajulikana kwa kukatika meno ya gia nguvu zikizidi, na ile ya gia sita ya STI, Impreza ya nguvu zaidi, ni kitu kingine kabisa. Mtu anayeng'oa otomatiki ya Forester, ambayo kwenye toleo la SH5 la tabo ilibeba farasi 230 na toki ya Nm 319 kutoka kiwandani, kisha akafunga gia tano dhaifu, amelipa ili ashuke daraja. Kumbuka pia klachi yenyewe ina kiwango chake. Klachi ya kawaida nyuma ya injini iliyoongezwa nguvu inateleza kama pleti za otomatiki, tofauti ni kwamba kuibadilisha ni kazi ya siku moja.

Joto. Hapa manyuo inapumua. Haina konveta ya kukoroga mafuta, haina shinikizo la kulinda, na mafuta yake hayasumbui. Joto lote linakuja kwenye klachi, na hilo liko chini ya mguu wako.

Fundi na spea. Mafundi wa manyuo ni wengi, maana malori na Hiace zimewafundisha. Kazi yenyewe ya kuhamisha ndiyo ndefu: pedeli tatu, masta silinda ya klachi, flaiwili, mlango wa leva ya gia kwenye sakafu, egemeo la giaboksi, propela shafti kukatwa au kurefushwa kisha isawazishwe, kihisi cha spidi, na kompyuta ambayo itaendelea kuiulizia otomatiki iliyoondoka na kuwasha taa kwenye dashibodi. Kipande kidogo kikikosekana, gari zima linasubiri. Nunua seti kamili kutoka gari moja, ikague yote, ndipo uanze kufungua.

Maisha ya kila siku. Kupanda Isamilo au Bugando kwa foleni, gari likisimama na kuondoka kwenye mwinuko, kunachosha mguu na klachi pia. Kuna furaha ya kushika gia mwenyewe ambayo otomatiki haiwezi kukupa, na naielewa vizuri. Ila wanunuzi wengi wa saluni huku wanataka otomatiki, na gari lililohamishwa linapata soko dogo la wapenzi.

Inamfaa kijana mwenye gari la pili, anayejenga kwa ajili ya nguvu kubwa, aliyepata giaboksi ya familia imara, na ambaye hategemei gari hilo kesho asubuhi kwenda kazini.

Na CVT je?

Premio ya kizazi cha 260, Wish ya pili, X-Trail ya T31 za petroli zenye otomatiki na nyingine nyingi zinazoegeshwa mjini zina CVT, otomatiki isiyo na ngazi za gia, wala hazina pleti na gia za namna tuliyoizungumza. Zina mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili. Mkanda ukiteleza mara moja tu chini ya mzigo, unakwaruza uso wa puli, na mkwaruzo huo haurudi nyuma. Usiongeze toki kwenye gari la CVT. Tumia mafuta yake halisi, badilisha kwa wakati, na kama nguvu ndiyo unayotaka, gari la kuanzia si hilo.

Kwa hali yako

Kama una Mark X au Crown isiyo na tabo na unataka ichangamke kidogo, baki na ya kiwandani. Anza na mafuta, filta na rejeta ya nje. Nyongeza ya nguvu ije mwisho.

Kama unaweka 1JZ-GTE kwenye gari lililokuwa na injini ya lita mbili, usiiache giaboksi ya lita mbili. Injini hiyo kwenye toleo lake la mwisho hutoa toki ya Nm 378 bila kuguswa. Tafuta otomatiki iliyozaliwa nayo, na hiyo pekee itakutosha kwa nguvu za kiwandani. Ukipanga kupandisha tabo, amua sasa kati ya kuiimarisha na R154, kwa sababu kufanya kazi mara mbili kunagharimu kuliko kuchagua. Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, basi mabadiliko hayo yafikishwe TRA, na bima wajulishwe.

Kama una Forester au Legacy ya tabo, usikimbilie gia tano. Programu ya kiasi pamoja na upoozaji kwenye otomatiki ya gia nne yenye afya itakufikisha salama kuliko manyuo dhaifu. Ukipata gia sita ya STI pamoja na difu yake ya nyuma inayolingana, mazungumzo yanabadilika.

Kama unavuta tela, swali lako si farasi kabisa. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari ya Sengerema na Geita haina tena kusubiri pantoni, na giaboksi haipati yale mapumziko ya kupoa kwenye foleni ya kivuko. Zima O/D (swichi inayoruhusu gia ya juu kabisa) kwenye mwinuko ili giaboksi isihangaike kati ya gia mbili, funga geji ya joto la mafuta, na ikipanda kupita nyuzi 110 punguza mwendo au simama pembeni uiache injini iungurume kwenye N. Kwa mzigo wa kila wiki, njia ya pili inalipa.

Na kwa yeyote anayepita barabara ya Musoma na gari lililoongezwa nguvu: kuanzia Kisesa hadi Lamadi kuna ng'ombe, baiskeli na watoto wa shule pembeni mwa lami. Breki na matairi vinunuliwe kwenye bajeti ileile ya giaboksi, na vifungwe kwanza.